Majivu ya jiko la Mama

Jumapili iliyopita, nyumbani Tanga, tulipomaliza wali na samaki nilimtoboa Mama kidole kumpima sukari ya damu: 11.4 mmol/L. Tukatoka, tukatembea taratibu hadi Raskazone na kurudi, dakika 40 hivi. Nikampima tena: 8.6.

"Sasa hiyo sukari imekwenda wapi, mwanangu? Mbona kidonge sijameza bado?"

Imeingia kwenye misuli ya miguu yako, Mama. Nikamweleza kwa jiko lake. Alipokuwa akipika vitumbua vya kuuza, hakungoja moto ufifie. Aliinama akachungulia tundu la chini. Majivu yakishajaa, anakung'uta na kuongeza mkaa.

Seli nayo huchungulia majivu. Mkaa wake ni ATP, molekuli inayobeba nishati, na ATP ikitumika hubaki ADP. Mambo yakibana, seli huchukua ADP mbili na kupata ATP moja, mabaki yake yakiwa AMP. Kwa kawaida AMP ni chache mno, kwa hiyo ATP ikipungua kidogo tu, AMP hupanda mara kadhaa. Ndiyo dalili ya mapema. Kuna kinasi, yaani protini inayobandika fosfati kwenye protini nyingine, inayoishika AMP hiyo, nayo inaitwa AMPK. Ikishaishika, kinasi nyingine, LKB1, huibandika fosfati kwenye treonini ya 172, mojawapo ya asidi amino zinazoiunda, na hapo huamka kwelikweli.

Ikiamka hubana matumizi. Mwaka 1987 kundi la Grahame Hardie kule Dundee, Uskoti, lilionyesha kwamba kinasi hii moja huzima kimeng'enya cha kutengeneza mafuta na pia kile cha kolesteroli. Upande wa pili huchochea mafuta yachomwe, na seli ianze kumeng'enya sehemu zake zilizochakaa.

Wepesi wake niliuona kwa macho nikiwa mwanafunzi. Nilikuwa natoa ini la panya, na kabla sijalitia kwenye naitrojeni ya kimiminika nikachelewa dakika mbili hivi nikitafuta koleo. Siku ya kusoma matokeo, panya waliokula wakashiba walikuwa, kwenye picha ya kipimo cha protini, na mstari mweusi wa AMPK iliyoamka, mzito sawa na wa walioshinda njaa. Kukosa oksijeni kwa dakika hizo kulitosha. Nilirudia jaribio zima, na tangu siku hiyo koleo hulala ndani ya naitrojeni kabla sijashika mkasi.

Kwenye misuli inayofanya kazi, AMPK ni mmoja wa wanaosukuma milango ya glukosi hadi kwenye utando wa seli bila kungoja insulini. Kalsiamu inayotoka msuli unapokaza nayo husaidia. Kwa mtu kama Mama, ambaye insulini yake inabisha hodi na seli haziitiki, njia hiyo ya pili ni neema kubwa.

Kidonge chake cha kisukari ni metformini. Hubana mitokondria, sehemu za seli zinazotengeneza ATP, majivu yakaongezeka, na mwaka 2001 ilionekana kwamba huiamsha AMPK. Lakini mwaka 2010 panya wasio na AMPK kwenye ini walipopewa dawa hiyo, sukari yao ilishuka vilevile. Ina njia zaidi ya moja, na kwangu hilo linaifanya ipendeze zaidi.

Mashine nimemwachia. Jana jioni ameniandikia: ametembea peke yake, 7.9, na anauliza kama kufua kwa mikono nako kunahesabika. Nimemjibu kunahesabika, hasa yale mashuka mazito.