Kuingia Iten kwa Upande wa Bonde

Wengi hufika Iten, mji wa wakimbiaji nchini Kenya, wakitokea Eldoret, kilomita thelathini na ushei za mashamba ya mahindi, wakashuka bila kujua wako ukingoni mwa genge. Mimi nilitokea Kabarnet, mji ulio ng'ambo ya bonde, na ningekuwa na uwezo ningemlazimisha kila mgeni apite huko.

Matatu inashuka milima ya Tugen kona kwa kona mpaka joto linakukaribisha kwa kofi. Migunga kila upande, asali kwenye chupa kando ya lami. Huku chini ndiko Chebloch, ambako mto Kerio umejibana kati ya majabali, daraja lake fupi ajabu. Vijana hujirusha humo kutoka juu ya mawe, na mamba wamo. Ukishavuka umeiaga kaunti ya Baringo, maana mto ndio mpaka. Maji yenyewe yanaendelea kaskazini hadi Ziwa Turkana.

Kisha kupanda, zaidi ya mita 1,000. Genge la Elgeyo ni ukuta wa magharibi wa Bonde la Ufa, na katikati yake pametokeza kibaraza cha ardhi. Hapo ndipo penye Tambach, na hapo ndipo wakoloni walipoweka makao ya wilaya ya Elgeyo-Marakwet. Nadhani naelewa: bonde lina malaria, juu kuna baridi, hapa unaona kila anayepita. Lakini Tambach imebanwa, mwamba nyuma na shimo mbele; mji ungetanukia wapi? Serikali ilikuja kuhamia juu, Iten, na mwaka 2013 kaunti zilipoanza kazi, Iten ikawa makao makuu.

“Jina alituachia Mzungu,” mzee niliyeketi naye aliniambia. Ni Joseph Thomson, mpelelezi wa Kiskoti aliyepita nchi hii mwaka 1883. Husimuliwa kwamba alikiita kilima hiki “Hill Ten”, wenyeji wakalainisha ikawa Iten.

Juu, mita 2,400, nilivaa sweta kabla ya kulipa nauli. Habari za wakimbiaji mnazijua: shule ya St. Patrick's, Bruda Colm O'Connell, kocha Mwayalandi aliyewasili 1976, David Rudisha, bingwa wa mita 800. Mimi nilivutiwa zaidi na soko. Maembe na mapapai yamepanda kutoka bondeni, viazi na maziwa vimetoka nyanda za juu, vyote vinakutana hapa ukingoni.

Tatizo la makao makuu haya ni umbo la kaunti yenyewe, Elgeyo-Marakwet: ndefu, nyembamba, imening'inia kwenye genge kutoka kusini hadi kaskazini. Nilimkuta mama mmoja kutoka Tot, chini bondeni upande wa Marakwet, amekuja kufuatilia karatasi za shamba. Alikuwa ameondoka kwake usiku. Karani alimwambia arudi Alhamisi.

“Alhamisi gani, mwanangu?” akamuuliza. “Nauli ya Alhamisi utanipa wewe?”