Kutoka Kange hadi Magamba, Kutafuta wa Kupanda Nao

Mtu wa Tanga akisema anataka kupanda mlima huulizwa kwanza kama amepoteza mbuzi huko juu. Ndivyo alivyoniuliza shangazi yangu, nyumbani kwake Chuda, siku nilipomweleza kwamba nimedhamiria kufika kilele cha Meru, chenye mita 4,566, kabla sijatimiza miaka arobaini. Fedha nilikuwa nadunduliza na likizo nilikwisha kuahidiwa, ila wenzangu wa kwenda nao sikuwa nao. Meru huuendi peke yako hata ukipenda, kwa kuwa njia ya kutoka lango la Momella hupita kwenye malisho ya nyati na ni lazima mfuatane na mlinzi mwenye bunduki. Hata hivyo, mlinzi huyo hajui sauti yako ya kila siku ikoje, wala hawezi kutambua upesi kwamba umeanza kuzungumza kivivu kwa sababu ya urefu wa mahali. Hilo hulitambua mtu anayekufahamu.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kumtafuta mwenye nguvu. Nilimpata katika mtaa wa Raskazone kijana anayekimbia kandokando ya bahari kila alfajiri na kunipita mara mbili kabla sijamaliza mzunguko mmoja, naye alikubali hata kabla sijamaliza kueleza. Wa pili alikuwa muuguzi aliyewahi kupanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu na kuishia kambi ya Horombo, kwenye mita 3,720, ambako kichwa kilimuuma, akatapika usiku kucha, na asubuhi akateremka kwa hiari yake. Nakiri kwamba wakati ule niliihesabu safari yake kuwa dosari, nikamchukua kwa kukosa mwingine. Yeye ndiye aliyemleta wa tatu, mwalimu mstaafu, Msambaa mwenye baiskeli nzee kuliko yule kijana, aliyetusikiliza kimya kisha akatoa sharti: kabla yeyote hajalipa hata senti ya Meru, twende kwanza wote wanne Magamba, kwenye msitu wa milima ya Usambara juu ya Lushoto, tulale nyumba moja na tule chungu kimoja.

Tuliondoka stendi ya Kange siku ya Ijumaa alfajiri, na kijana wetu alifika injini ya basi ikiwa imekwisha kuwashwa. Segera na Korogwe tulipita wengi wetu tukisinzia. Safari yenyewe huanza Mombo, pale joto la bondeni linapobaki nyuma na barabara kuanza kujikunja ubavuni mwa mlima, upande mmoja mwamba, upande wa pili vilele vya migomba iliyoota chini kabisa. Tulipoyapita maporomoko ya Soni masikio yalikuwa yameziba, na Lushoto, ambako ni kiasi cha mita 1,400 kutoka usawa wa bahari, sisi watu wa pwani tulikuwa tumekwisha kuvaa masweta saa nane za mchana. Mwalimu alikuwa ameanza kusalimiana na kila mtu kwa Kisambaa, "Onga mshi," na nyumba ya kulala ilipatikana kwa bei ambayo mimi peke yangu nisingeipata.

Jumamosi tulilipa ada ya kuingia katika hifadhi ya msitu na kupewa mwongozaji. Magamba ni zaidi kidogo ya mita 2,200, kimo ambacho hakiwezi kukuonyesha kama mwili utaistahimili Meru, kwani maradhi ya mwinuko kwa kawaida huanza kusumbua watu juu ya mita 2,500. Inachoweza kukuonyesha ni namna mtu anavyotembea akiwa na wenzake. Kabla hatujaingia msituni Mwalimu alituweka duara akasema kwamba ikifika saa nane mchana, popote tutakapokuwa, tutageuka. Wote tuliitikia, kijana akiitikia huku anakaza mikanda ya begi.

Chini ya ile miti mirefu ya mikulo mlikuwa na baridi ya kisimani, na mbega walikuwa wakiruka juu yetu na mikia yao yenye ncha nyeupe kama vitambaa vilivyoanikwa. Baada ya saa moja kijana hakuonekana tena. Mwongozaji aliita mara mbili, akajibiwa kwa mbali, kisha ukungu ukashuka na majibu yakakoma.

Wakati huo nami nilikuwa na langu. Buti zangu nilizinunua mtumbani, ngozi yake nzuri, soli yake nene, lakini gundi ilikuwa imekauka miaka mingi kabla sijazikuta, na tangu asubuhi soli ya kulia ilikuwa imeachama mbele kama mdomo wa chewa. Niliiona, nikanyamaza. Nilijiambia kwamba itafika. Kwenye mteremko wenye majani yaliyooza ilijikunja chini ya wayo, nikaanguka kifudifudi mbele ya muuguzi, na ndipo alipoishika buti yangu, akaifungua kwa kidole hadi kisiginoni.

"Kaka, hili umelijua tangu saa ngapi?"

Nilimwambia ukweli, kwamba tangu tulipokuwa tunakunywa chai.

"Na kule Meru utanificha kichwa kinachokuuma mpaka saa ngapi?"

Hakupandisha sauti, na ingekuwa afadhali angepandisha. Miezi yote ile nilikuwa nawapima wao: nani ana pumzi, nani ameshindwa wapi. Haikunipitikia kwamba na mimi nilikuwa napimwa, na kwamba yule niliyemwona dhaifu kwa kuteremka Horombo ndiye pekee kati yetu aliyewahi kusema "siwezi" mapema, angali na miguu ya kumteremsha. Mwalimu alitoa mfukoni kamba ya mkonge, akaipitisha chini ya soli mara tatu, akaikaza juu ya wayo kwa fundo bapa ili isinichome, na muuguzi akazungushia plasta pale ambapo kamba ingenikwaruza. Nilitembea nayo siku nzima.

Kijana tulimkuta dakika arobaini baadaye, ameketi juu ya gogo kwenye njia panda, chupa yake tupu. Kwa haki yake niseme kwamba alipoona njia mbili hakubahatisha, alikaa akangoja. Lakini ilikuwa saa nane na robo, na mwongozaji aliposema kilele hakiko mbali, yeye alisimama tayari kwenda. Mwalimu alimtazama akiwa anajipangusa miwani.

"Mwanangu, reli ilianza kujengwa Tanga mwaka 1893 ikafika Mombo 1905. Na wewe ngoja."

Tuligeuka. Kijana alitembea nyuma yetu bila neno hadi tulipotoka msituni, ambapo aliomba abebe begi la Mwalimu, naye akapewa.

Jumapili basi liliposimama Muheza, kijana alinunua machungwa kupitia dirishani akatugawia, akianza na Mwalimu. Mimi nilikuwa nimeketi karibu na muuguzi, na nilipomuuliza kama bado yupo katika safari ya Meru alimenya chungwa lake lote kwanza.

"Mwezi ujao tunarudi Magamba," alisema. "Uje na buti nyingine. Na ukiumwa hata ukucha, useme tukiwa bado tunakunywa chai."