Nilivyoandika wasifu wa baba bila kutumia neno "mcheshi"

Ushauri wa kwanza tuliopewa baba alipofariki ulitoka kwa watu wazima wenye heshima zao: "Chukueni wasifu wa msiba mwingine, mbadilishe majina, muda hakuna." Nikatumiwa kwenye simu wasifu wa mzee mmoja wa Buhongwa nisiyemjua. Marehemu alikuwa mcheshi, mchapakazi, mcha Mungu, mpenda watu na nguzo ya familia. Nikaweka jina la baba, ukakaa sawasawa. Nikaweka jina la jirani yetu anayedaiwa na mtaa mzima, nao ukakaa sawasawa. Nikaufuta.

Baba alikuwa fundi mitumbwi Igombe, kando ya Ziwa Victoria hapa Mwanza. Kwenye jumuiya alikuwa mweka hazina, kwenye kigango, kanisa letu dogo chini ya parokia, ndiye aliyeshika funguo. Hayo kila mtu aliyajua, na ukiyaandika yanaisha kwa mistari mitatu. Kazi ilikuwa kupata yale yaliyokuwa nyuma yake, tena ndani ya siku za msiba, nyumba imejaa watu, turubai limefungwa hadi barabarani na kila dakika unaulizwa sukari iko wapi.

Nilianza na mama. Nikamuuliza, "Mama, baba alikuwa mume wa namna gani?" Akasema, "Alikuwa mwema," akanyamaza. Wafiwa wote hujibu hivyo, na si kosa lao, swali lenyewe ndilo bovu. Usimuulize mjane tabia ya mumewe, muulize saa. Nilipobadilisha nikasema, "Baba akiamka alikuwa anaanza na nini?" mama alizungumza mpaka chai ikapoa. Alikuwa anawasha mkaa, anabandika maji ya mama ya kuoga, kwa sababu viungo vya mama hukaza asubuhi na hawezi kunyanyua sufuria. Halafu anakaa kizingitini kusoma masomo ya misa ya siku hiyo, miwani imefungwa uzi upande mmoja. Maji yakipata moto anampelekea bafuni, ndipo anashika njia ya mwaloni, ufukweni mitumbwi inakoegeshwa. Kwenye wasifu iliingia hivi: "Tangu mama alipoanza kuumwa viungo, maji yake ya asubuhi aliyabandika baba." Sentensi moja tu, na wanawake wa jumuiya waliguna wote kwa pamoja iliposomwa.

Tarehe ya kuzaliwa ilitusumbua. Kitambulisho cha NIDA kilisema 1960. Shangazi, aliyekuja na meli kutoka Nansio, alikataa katakata: "Mwanangu, baba yako alizaliwa mwaka ziwa lilipopanda likala mihogo yetu, mimi nilikuwa nakimbia tayari." Wengine wakaona ni habari za kizee. Lakini mvua kubwa za mwishoni mwa 1961 na zilizofuata ziliipandisha kweli Victoria, na maji yalizidi kupanda hadi 1964. Kadi ya ubatizo ilipopatikana ndani ya Biblia yake, ilikuwa 1962. Shangazi hakutusemesha siku nzima. Kwa wazee wa kando ya ziwa, uliza kila mara maji yalikuwa wapi, Uhuru ulikuwa umekuja au bado, Azimio la Arusha lilikuwa limetangazwa au bado, vita ya Kagera ilimkuta ameoa au hajaoa. Utakosea mwaka mmoja au miwili, si kumi. Mwaka mtakaokubaliana uwe huohuo kwenye wasifu na kwenye msalaba. Majina yaandikwe kama yalivyo kwenye kitambulisho na cheti cha kifo, maana karatasi za mirathi na za benki zitafuata majina hayo, na herufi moja iliyozidi huwarudisha watu mlangoni.

Sasa hapa ndipo ninapojivunia. Watu wengi hudhani daftari la ubatizo la parokia ni la kutafutia cheti tu. Kila mstari una jina la mtoto, tarehe ya kuzaliwa na ya kubatizwa, wazazi, padre, na msimamizi, yaani mzazi wa ubatizo. Pembeni huongezwa kipaimara na ndoa, hata kama ndoa imefungwa parokia nyingine, kwa sababu taarifa hurudishwa pale mtu alipobatizwa. Kwa hiyo namba moja ya kadi ikakupa tarehe tatu ambazo familia ingebishana usiku kucha. Nenda siku ya kazi asubuhi, siyo Jumapili baada ya misa, ukiwa na namba na mwaka, na umwache karani akusomee mwenyewe. Usitoe simu kupiga picha, daftari lina siri za familia za watu wengine.

Nikiwa pale parokiani kwetu nikamwomba karani kitu kingine: aangalie safu ya wasimamizi, si ya wanaobatizwa. Akanishangaa. Tukafungua miaka ya tisini, jina la baba likatokea. Ukurasa wa mbele, tena. Baadaye, tena na tena, mpaka karani akaanza kucheka kila akilikuta. Na watoto wenyewe walikuwa wa majina tusiyoyajua: ya kutoka Kigoma, Mara, Kagera. Walikuwa watoto wa wavuvi wa kambini, watu waliokuja kufuata dagaa na sangara, hawana ndugu karibu wa kuwasimamia. Padre anauliza msimamizi yuko wapi, kambi nzima inatazamana, basi fundi wa mitumbwi anafuta randa, anavaa shati, anakwenda. Hatukuwahi kusikia nyumbani. Mama alikuwa anajua kwamba "baba yenu ana watoto wa ubatizo", lakini hakujua ni wangapi, na nadhani baba naye alipoteza hesabu. Hilo lilichukua aya nzima, na ndilo padre aliloligusa kwenye mahubiri.

Upande wa sifa kubwakubwa niligombana na ndugu. Mwanza, kila mtu aliyekuwa mzima tarehe 21 Mei 1996 ana lake la kusimulia kuhusu MV Bukoba, meli iliyozama siku hiyo, na baba mdogo alitaka tuandike kwamba baba alipiga mbizi akaokoa watu. Nikamwuliza, "Baba mdogo, ulimwona?" Akasema aliambiwa. Nikawatafuta mafundi wenzake wawili wa enzi hizo. Wote, kila mmoja kivyake, walisema baba alikwenda Igoma na koleo kusaidia kuchimba makaburi, akarudi na viganja vimechubuka, siku kadhaa hakushika msumeno. Tukaandika koleo, mbizi tukaiacha. Kanuni niliyoishika ni mashahidi wawili wasiokaa nyumba moja. Uongo mdogo kwenye wasifu hugunduliwa palepale, kwa sababu aliyekuwepo amekaa mstari wa tatu.

Orodha ya watoto isichapwe kabla mama na mkubwa wa ukoo hawajaisikia ikisomwa kwa sauti. Iwe kwa mpangilio wa kuzaliwa, waliotangulia wakiwemo. Kama kuna mtoto wa nje, hilo limalizwe chumbani, siyo kwenye kipaza sauti. Ugonjwa uandikwe kwa kadiri mjane anavyotaka, hakuna anayedai ripoti ya daktari.

Urefu: tulipewa dakika tano kabla ya misa kuanza. Kurasa mbili za A4, herufi saizi 14, mistari ikiachana moja na nusu, zinatosha. Mtu mwenye huzuni husoma polepole kuliko unavyosoma wewe mezani. Msomaji tulimchagua binamu, siyo mtoto wa marehemu, na mtoto mmoja akasimama kando na nakala ya pili. Karatasi ichapwe upande mmoja tu, isiwe ya kugeuza, upepo wa ziwa haujali msiba.

Kijitabu cha ibada nacho kina hesabu yake. A4 ikikunjwa katikati hutoa kurasa nne, kwa hiyo kurasa ziwe 4, 8 au 12. Ukiwa na 9 utalipia tatu tupu. Mwambie kijana wa stationeri achape pande mbili kwa kugeuza upande mfupi, la sivyo nusu ya kurasa zitatoka kichwa chini, na atoe nakala moja muikunje kwanza kabla ya kuchapa mia. Picha ya jalada usiitume kama picha ya kawaida ya WhatsApp, itakuja na ukungu, itume kama dokyumenti. Picha ya zamani yenye kung'aa ipigwe kivulini karibu na dirisha bila flashi. Kwetu vijitabu vilikula sehemu ya rambirambi, pungufu ya pesa iliyokwenda kwenye soda.

Mstari wa Biblia pia walitaka ule wa "mwendo nimeumaliza", maana unakaa kila kijitabu. Nilifungua Biblia ya baba nikatafuta alipopigia mstari kwa penseli yake ya kuwekea alama mbao. Ilikuwa Mathayo 25, "nalikuwa mgeni, mkanikaribisha". Tukaweka huo, na baada ya yale ya daftari la ubatizo hakuna aliyebisha.

Kwa misa ya arobaini tulichapa upya. Waliolalamika kwamba wajukuu wao wamesahauliwa niliwaambia walete majina yameandikwa kwa herufi kubwa, na majina ya wazazi pembeni. Watatu wameleta. Baba mdogo ameleta pia, na chini ya orodha ameandika tena habari ya kupiga mbizi.