Meno 16 na upepo wa Dodoma

Jumapili iliyopita nimemaliza kilomita 20 za baiskeli kwa dakika 37 na sekunde 37, na nimeona niandike kabla sijasahau, maana imenichukua miezi mitatu kufika hapo na kitu kilichokuwa kinanichelewesha hakikuwa miguu, hakikuwa pumzi, ilikuwa ni kigia cha nyuma chenye meno machache tu.

Kwa ambao hamjui, baiskeli yangu ni fiksi, yaani haina friwili. Baiskeli ya kawaida ukiacha kukanyaga unasikia ile tiktiktik na gurudumu linaendelea lenyewe, miguu imepumzika. Fiksi haina hiyo habari. Gia ya nyuma imefungwa moja kwa moja kwenye kitovu cha gurudumu, gurudumu likizunguka pedeli inazunguka, mpaka usimame. Mteremko unazungusha, kona unazungusha, umechoka unazungusha. Na ni gia moja tu, hakuna cha kubadilisha njiani, uliyoifunga nyumbani ndio hiyo hiyo mpaka urudi.

Na mbio zenyewe ni za kushindana na saa. Hatuondoki kwa kundi kama zile mbio watu wanazozijua za Kanda ya Ziwa, unaondoka peke yako, dakika moja baadae anafuata mwenzako, na hairuhusiwi kujificha nyuma ya mtu kukwepa upepo. Sisi tuko saba, hatuna klabu wala jezi, tuna simu ya mtu yenye stopwochi na daftari la mistari. Kipande chetu kiko barabara ya Morogoro, ukishapita Mtumba kuelekea Buigiri, kilomita 10 mpaka kwenye mbuyu mmoja umeegemea upande wa barabara, unageuza, kilomita 10 kurudi. Jumapili tu, asubuhi mapema, kwa sababu siku nyingine malori ya Rwanda, Burundi na Kongo hayakupi nafasi na sitaki mtu wangu hata mmoja aumie kwa ajili ya dakika.

Nimekuja kusoma baadae kwamba hata walioanzisha mchezo huu Uingereza walikuwa wanatoroka asubuhi mapema vilevile. Kule miaka ya 1890 chama cha baiskeli kilipiga marufuku mbio za barabarani kwa kuogopa ugomvi na polisi, ndio bwana mmoja anaitwa Frederick Bidlake akabuni hii ya kuachia mmoja mmoja, mbio ya kwanza ikawa tarehe 5 Oktoba 1895, maili 50. Walivaa nguo nyeusi mwili mzima, walianza alfajiri, na njia waliziita kwa herufi na namba ili mtu wa nje asijue ni wapi. Fiksi ndio ilikuwa baiskeli yao kwa miaka mingi sana. Nilivyosoma hivyo nilijisikia kama nimepata ndugu, maana na mimi nilikuwa natoka nyumbani Nkuhungu giza bado limetanda, mlinzi wa jirani ananiuliza dada safari ya wapi tena, namwambia kule kule.

Sasa nije kwenye upepo.

Mtu wa Dodoma simwelezi upepo wa Dodoma. Kuanzia mwezi wa sita unavuma kutoka mashariki na kusini mashariki kama umeajiriwa, vumbi jekundu, mifuko inapaa, mabati yanalia. Kwa kipande chetu ina maana moja: kwenda unakula upepo usoni na jua linachomoza linakupiga machoni, kurudi unakusukuma mgongoni. Na kila mtu, na mimi nikiwemo, akili yetu yote ilikuwa kwenye ule upepo wa usoni. Tunauogopa. Kwa hiyo mwezi wa mwanzo wa ile mitatu nikafunga gia nyepesi, mbele meno 46, nyuma 18.

Hapa nifanye hesabu kidogo, vumilieni, ndio ilipo siri yote. 46 gawanya kwa 18 unapata kama 2.56, yaani pedeli ikizunguka mara moja gurudumu linazunguka mara mbili na nusu hivi. Gurudumu langu likizunguka mara moja linaenda mita 2.1. Kwa hiyo kila mzunguko wa mguu napata mita 5.37. Kwenda na upepo usoni ilikuwa raha, nilitumia dakika 21 na sekunde 50, nikageuza kwenye mbuyu najisikia mshindi. Kurudi ndio nikaonyeshwa. Upepo unanisukuma, baiskeli inataka kukimbia, lakini ili niende kilomita 40 kwa saa kwa gia ile inabidi miguu izunguke mara 124 kwa dakika, na miguu yangu ikifika 105 au 106 makalio yanaanza kuruka kwenye siti. Sio kwamba sina nguvu, nguvu zipo zimejaa, hazina pa kwenda! Nikarudi kwa 17:40. Jumla 39:30.

Nikakasirika nikaenda upande wa pili kabisa, nikafunga meno 15. Mita 6.44 kila mzunguko. Kurudi nikapaa, 15:35, sijawahi kwenda vile. Ila kwenda, jamani, nilikuwa nakanyaga mizunguko 64 kwa dakika, nimesimama kwenye pedeli kama mtu anatwanga mtama, goti la kulia lilinisumbua mpaka Jumatano. 24:10. Jumla 39:45, sekunde 15 mbaya zaidi kuliko gia nyepesi.

Angalieni hizo namba mbili. Baiskeli tofauti kabisa kwa hisia, jumla karibu sawa. Hapo ndio nikaelewa kitu ambacho naona wengi wetu tunakikosea: upepo wa mgongoni haukulipi kile ulichokunyang'anya upepo wa usoni, kwa sababu upepo wa usoni unakaa nao dakika nyingi zaidi kuliko wa mgongoni. Kwa hiyo huwezi kuutupa upande wa kwenda kwa kujipa moyo kwamba utafidia. Lakini pia ukichagua gia kwa kuogopa upepo wa usoni peke yake, ule muda wa kurudi, ambao ni wa bure, Mungu amekupa, unaumwaga. Gia ya fiksi ni lazima iwe nzito kidogo kuliko inayokufurahisha kwenda, na nyepesi kidogo kuliko inayokufurahisha kurudi. Ukijisikia vizuri pande zote mbili, kuna mahali unapoteza.

Kwangu ni 16. Mita 6.04. Kwenda mizunguko 77 kwa dakika, kurudi 103. 21:35 na 16:02. Ndio hiyo 37:37.

Kaka mmoja kwenye kundi letu, mhasibu, ana baiskeli nzuri ya gia 20 na ananizidi dakika mbili na zaidi, sibishani naye, gia zina faida. Lakini kuna kitu fiksi inakufanyia ambacho yeye hakipati. Pale mguu unapofika juu kabisa, ile sehemu ambayo huna nguvu ya kusukuma, gurudumu lenyewe linauvuta mguu unapita. Ukiwa umechoka sana kilomita ya 17, 18, ni kama kuna mtu amekushika kifundo cha mguu anakuambia twende. Na huwezi kudanganya. Ukiwa na friwili unapumzika sekunde mbili hapa, tatu pale, hata hujui kama umepumzika, ukijumlisha ni muda mwingi. Mimi kila sekunde ya zile dakika 37 niliikanyaga.

Kuna bwana anaitwa Ray Booty, Mwingereza, mwaka 1956 ndio mtu wa kwanza kumaliza maili 100 kwenye mashindano kwa chini ya masaa manne, 3:58:28, na alikuwa kwenye fiksi, gia moja. Nilipiga hesabu ya gia yake, inatoka mita 6.7 kwa mzunguko. Maili 100 ni kama kilomita 161. Ina maana alizungusha miguu karibu mara 24,000, mara 100 kila dakika, bila kupumzika hata mara moja, masaa manne. Mimi dakika 16 za mara 103 zinanitosha kuona nyota. Hiyo hesabu niliifanya usiku kwenye daftari la watoto na sikulala mapema.

Na hata leo rekodi ya saa moja, ile ya kuzunguka uwanjani uone umeenda kilomita ngapi, inachezwa kwa fiksi. Filippo Ganna wa Italia alienda kilomita 56.792 mwaka 2022. Kabla yake Eddy Merckx wa Ubelgiji mwaka 1972 alipanda mpaka Mexico City kutafuta hewa nyepesi, akapata 49.431. Sisi Dodoma tuko mita 1,100 na kitu juu ya bahari, hewa yetu nayo ni nyepesi kuliko ya Dar, binamu yangu alikuja kutoka Kigamboni akasema mbona huku baiskeli inateleza hivi. Nikamwambia subiri upepo uamke.

Sasa niseme la ufundi maana nimeulizwa sana na karibu liniue. Ukitaka kutengeneza fiksi msikubali mtu aondoe friwili kwenye kitovu cha kawaida alafu afunge gia kavu pale pale. Fundi mmoja hapa mjini alinifanyia hivyo mwanzoni kabisa. Kwa kukanyaga mbele inakaa vizuri, inajikaza yenyewe. Lakini kwenye fiksi unapunguza mwendo kwa kuzuia pedeli kwa nyuma, na ukizuia, gia inajifungua. Nilikuwa nashuka kuelekea kwenye makutano, bajaji imekata mbele yangu, nikazuia miguu, nikasikia kama kitu kimelainika chini ya soli, alafu pedeli zikazunguka nyuma tupu. Hakuna kitu. Breki ya mbele ndio iliniokoa, nilikuwa nayo kwa sababu mama yangu alikataa katakata nisipande baiskeli haina breki. Uingereza sheria inaruhusu fiksi iwe na breki moja tu, lakini hiyo moja ya mbele lazima iwepo, miguu inahesabiwa ndio breki ya nyuma. Zile video za vijana wanapanda bila breki kabisa kwenye barabara ya magari, mimi nasema hapana.

Kitovu cha fiksi kina hesi mbili, ile mikato ya kuzungushia nati. Kubwa ni ya gia, inafungwa kulia kama kawaida. Juu yake kuna ndogo, ya nati nyembamba ya kuzuia, na hiyo inafungwa kushoto, kinyume. Gia ikitaka kujifungua inaikaza nati. Akili ya ajabu, sijui aliyewaza hilo aliwaza lini. Changu nilikipata kwenye mzigo wa baiskeli za mtumba za Japani, na mzee mmoja fundi wa Majengo ndio alinifungia. Hakuwahi kuiona nati ya namna hiyo. Akaishika, akaizungusha na kidole gumba taratibu, ikagoma, akaizungusha upande wa pili ikaingia laini, akanyamaza kama dakika nzima. "Mwanangu," akasema, "hii imetengenezwa na mtu aliyewahi kuanguka."

Nikamwambia shikamoo tena, ndio heshima niliyokuwa nayo mfukoni.

Yeye pia ndio alinifundisha cheni ya fiksi inavyotakiwa kukaa. Ukiifunga imekaza inalia na inakula gololi, ukiiacha imelegea inaruka, na ikiruka wakati gurudumu linazunguka inaweza kuligandisha gurudumu palepale. Unalegeza nati za nyuma, unavuta gurudumu nyuma kidogo kidogo, kushoto, kulia, alafu unabonyeza cheni katikati kwa kidole, inatakiwa icheze juu na chini kama upana wa kidole kimoja. Alafu unazungusha krenki, ile mikono inayoshika pedeli, polepole mzunguko mzima maana kuna sehemu inakaza kuliko nyingine, unapima pale inapokaza. Jumamosi jioni hiyo ndio kazi yangu, nakaa kibarazani na taa ya simu mdomoni, watoto wanashika gurudumu.

Kitovu changu kina pande mbili, kila upande unaweza kufunga gia yake, ukitaka kubadilisha unachomoa gurudumu unaligeuza. Wale wa Tour de France, mbio kubwa za baiskeli za Ufaransa, walifanya hivyo hivyo kwenye milima, gia za kubadilisha njiani hazikuruhusiwa kule mpaka 1937, mtu anafika chini ya mlima anashuka, anageuza gurudumu, anapanda. Kwa hiyo upande wangu mmoja ni 16 na upande wa pili nimefunga 17, kwa ajili ya mwezi wa nane, ule upepo mnaoujua. Kwa 17 kurudi itabidi niende mara 110 kwa dakika kuipata ile 16:02. Nimeanza kufanya mazoezi ya kuzungusha haraka bila kuruka kwenye siti, jioni, barabara ya Nala nikitoka kazini. Jana nimefika 112, nimehesabu goti la kulia kwa sekunde 30, mara mbili, nikapata 56 zote mbili.