Miezi Mitatu Nikishika Jiko Mishomoroni

Mke wangu alivuka feri ya Likoni, hapa Mombasa, mwezi wa Julai 2023 kwenda Msambweni kumuuguza mamake. Aliniachia watoto watatu, jiko la makaa na daftari la duka. Alisema ni wiki mbili. Alikaa miezi mitatu, na ndipo nilipojua chumvi ya shilingi tano hutosha siku ngapi.

Mimi ni kuli wa magodauni ya Shimanzi. Kazi ikiwepo napata 700, siku nyingine 500, na kuna siku narudi Mishomoroni na jasho tu. Pesa za jioni hununua vya jioni: unga nusu kilo, mafuta ya kupima ya 20, sukari ya 20, majani ya tano, mkebe wa makaa, mtungi wa maji. Zamani nilikuwa nikimpa mke wangu 400, kisha kesho yake namuuliza zimekwenda wapi. Swali hilo lilinirudia wiki ile ile ya kwanza, nilipofungua daftari nikakuta deni la 1,340 ambalo hakuwahi kunitajia hata siku moja.

Jumapili ya pili nikapika mbaazi.

Nyumba yetu ni ya Kiswahili, vyumba sita, ukumbi mmoja katikati na kisima uani. Maji ya kisima ni ya chumvi, tunafulia na kuogea. Maji matamu huletwa kwa mkokoteni, 20 mtungi wa lita 20, lakini bomba likikauka siku mbili tatu mwenye mkokoteni naye hupandisha. Siku hiyo mtungi ulikuwa 50. Nikajiona mjanja: nikabandika mbaazi kwa maji ya kisima, saa tatu asubuhi. Adhuhuri zilikuwa kama changarawe. Nikaongeza makaa, nikafunika sufuria kwa sinia, nikaweka jiwe juu. Alasiri maganda yamechanika, ndani bado unauma jino. Bimkubwa wa chumba cha mbele akapita na birika lake la udhu, akachungulia.

"Mwanangu, maji gani haya?"

"Ya kisimani, mama."

Hakucheka mbele yangu, namshukuru kwa hilo. "Mbaazi haziivi kwa maji ya chumvi. Roweka nyingine usiku, na ubandike kwa maji matamu."

Mikebe mitatu ya makaa, kila mmoja 80. Nilichoma 240 ili niokoe 50, na usiku watoto wakalala kwa mkate na chai ya rangi.

Kuanzia hapo nikawa naandika kila shilingi nyuma ya lile daftari. Nilidhani nitakuta unga ndio unaonimaliza. Wiki ya pili unga haukufika 500; makaa yalikuwa 880. Tulikuwa na stovu ya mafuta ya taa, lakini imekaa juu ya kabati tangu 2018, serikali ilipoweka tozo ya shilingi 18 kwa lita ili watu wasichanganye mafuta ya taa na dizeli. Wachanganyaji sijui walihamia wapi. Sisi wa stovu tulihamia kwenye makaa. Na gesi? Julai hiyo hiyo ushuru wa gesi uliondolewa kabisa, na watu wakaniambia ninunue. Sawa, lakini kujaza mtungi mdogo kulitaka zaidi ya 1,000 kwa mpigo, na mimi pesa zangu huja vipande vipande.

Hapo ndipo penye tatizo lote, kwa maoni yangu. Gunia la makaa lilikuwa 2,200. Anayeweza kulinunua anapata makaa rahisi, na asiyeweza analipa zaidi kwa kila mkebe hadi gunia linakwisha. Simlaumu mwenye duka, naye anatafuta riziki.

Akina mama wa ukumbini walikuwa na mchezo wao, wa kuchangiana pesa kwa zamu. Nikaomba niingie. Walicheka hadi mmoja akaketi chini, kisha bimkubwa akasema mwanamume akishika sufuria ana haki ya mchezo. Mimi nikatoa wazo tuufanye mchezo wa vitu: kila chumba 50 kwa siku, siku sita, na Jumamosi tununue kitu kimoja kizima, tugawane pale pale. Vyumba vitano vilikubali. Cha sita kilishawahi kudhulumiwa mchezo mahali pengine, hakikutaka hata kusikia. Tano mara 50 mara sita ni 1,500.

Jumamosi ya kwanza tulinunua dumu la mafuta ya kupikia la lita tano, kwa hizo 1,500. Tulipima kwa chupa ya maji ya lita moja, mtoto wa chumba cha tatu ameshika tochi ya simu kuangalia mstari. Kila mmoja akapata lita yake kwa 300. Kwa kupimiwa dukani ingenitoka kama 400. Nikafurahi mno. Lita yangu ikaisha siku ya tisa! Mafuta ya 20 yalikuwa yakinibana mkono; chupa ikiwa imejaa, mkono hufunguka wenyewe. Nikampigia mke wangu simu Msambweni. Akaniambia nisiifungue chupa kabisa, nipashe msumari moto, nitoboe kizibo katikati, niwe nakamua. Chupa ya pili ilifika siku ya ishirini na mbili.

Gunia tulilipata kwa kila mmoja kuongeza 140. Tulilimwaga uani juu ya turubai, tukahesabu: mikebe 38. Mkebe ukatutokea 58 badala ya 80. Tuligawana saba saba, mitatu ikabaki, nikasema apewe bimkubwa kwa usumbufu wa kutuwekea pesa.

Unga haukutusikia. Ile bei ya ruzuku ya shilingi 100 kwa pakiti, ya Julai 2022 kabla ya uchaguzi, ilishakuwa hadithi, na pakiti ya kilo mbili ilikuwa imepita 200. Tulichofanya ni kula muhogo wa kuchemsha asubuhi. Mara mbili sikupata kazi, na hamsini yangu ikatolewa na jirani. Jioni za kawaida nilitembea kutoka Buxton, juu ya daraja la Nyali hadi nyumbani, niweke nauli mfukoni. Deni la daftari nililimaliza mwezi wa Septemba, na sikumwambia mtu.

Mke wangu alirudi Oktoba na kikapu cha nazi. Alikagua kizibo cha chupa, akakamua tone kidoleni, akanyamaza. Akainua mfuko wa makaa uvunguni.

"Mlihesabu mikebe mingapi?"

"Thelathini na minane. Saba saba."

Akapiga hesabu kimya. "Na mitatu?"

Nikamweleza. "Kila gunia?" akauliza. Nikasema ndiyo, kila gunia.

Jumamosi iliyofuata alitoka mapema na kigoda chake, akakiweka kando ya turubai kabla gunia halijafika.