Kompyuta ya dada imewaka!

Dada ana saiba ndogo (duka la huduma za intaneti) hapa Kondele, Kisumu. Vumbi la barabarani huingia hadi kwenye feni, kwa hivyo leo kompyuta ya mezani ilifunguliwa ikasafishwa.

Kuiwasha, feni zinazunguka lakini skrini ni giza tupu. Na wateja wanangoja!

Nikachomoa waya wa stima, nikabonyeza swichi kumaliza umeme uliobaki, nikatoa RAM zote, vile vijiti vya kumbukumbu ya kompyuta. Nikasugua sehemu za rangi ya dhahabu kwa raba ya penseli, polepole. Nikarudisha moja tu.

Nikaikandamiza hadi klipu zikalia “tap!” pande zote mbili.

Jamani, huo mlio! Dada alinishika bega, akanyamaza.

Skrini ikawaka.

Yenu ikigoma baada ya kupanguswa vumbi, nyinyi huanza na nini?