Ute wa diski

Leo siku ya 9 nalala chini kwenye mkeka, godoro nimelikimbia maana linazamisha kiuno. Yote yameanza na kiroba cha mchele cha kilo 25, nimekishusha kwenye bodaboda nikainama vibaya, nikasikia kitu kama kamba imekatika huku chini, mguu wa kushoto ukawaka moto mpaka kwenye kidole gumba.

Juzi nikapigwa MRI, daktari akanionyesha diski iliyo kati ya pingili ya 4 na ya 5 za kiunoni, akasema "Mwalimu, humu kati kuna ute mzito kama jeli, sasa umesukumwa nyuma unagusa mshipa wa fahamu unaoshuka mguuni." Nikaitikia tu. Ila njia nzima ya kurudi nyumbani nilikuwa kimya, kwa sababu ule ute naujua kwa jina jingine na nimelifundisha miaka 14.

Mi ni mwalimu wa baiolojia. Kila mwaka naandika ubaoni sifa za kodata, lile kundi la wanyama tulimo sisi na samaki: notokodi, mrija wa neva upande wa mgongoni, matundu ya kooni, mkia unaopita sehemu ya haja kubwa, wanafunzi wanakariri tunasonga mbele. Yaani notokodi ndo hiki kinachoniuma! Wiki ya 3 ya mimba, mtoto hata punje ya mchele hajafika, kinajipanga kijiti laini katikati ya mwili wake, na hicho kijiti ndo kinaipa amri ngozi iliyo juu yake ijikunje iwe mrija, huo mrija ndo utakuja kuwa ubongo na uti wa mgongo, inabidi uwe umefunga kufikia kama siku ya 28, usipofunga kule chini mtoto anazaliwa na mgongo wazi. Ndo maana mama anatakiwa ameze foliki asidi kabla hata ya kushika mimba, siku ya 28 wengi hawajui kama wana mimba. Wasichana wangu wa fomu six wakisahau yote niliyowafundisha, hili wasilisahau.

Baadaye pingili zinajengeka kukizunguka kile kijiti, zinakibana, kinabaki vipande vipande katikati ya diski, ndo ule ute. Mkia nao tulikuwa nao sote, mwezi wa 2 ukiisha umeshamezwa na mwili, kimebaki kifandugu. Na koo, kwetu matundu hayatoboki kama ya samaki, lakini kati ya vifuko vinavyotokea mahali pake, cha kwanza kabisa kimegeuka njia ya kutoka kooni kwenda sikioni, ile inayofunguka ukimeza mate masikio yakiziba.

Nikiwa hapa chini nikakumbuka mwezi uliopita tulipokuwa ufukweni na wanafunzi, maji yamekupwa, kijana mmoja akabonyeza kifuko laini kilichoganda kwenye kamba ya nanga kikamrushia maji usoni, wote wakacheka, mi nikawaambia hicho kifuko nacho ni mnyama, tena ni kodata, andikeni, tukaondoka. Kwa kweli niliwadhulumu. Watu walikuwa wanakiweka kundi moja na chaza na konokono mpaka 1866, Mrusi Alexander Kowalevsky alipochunguza watoto wa mnyama huyo akakuta wana notokodi na mrija wa neva kabisa, wanaogelea kama viluwiluwi. Kuna jamii moja ya vifuko hivi, Ciona, notokodi yake ina seli 40 tu, zimepangwa mstari mmoja kama sarafu! Mtoto wake anaogelea saa chache au siku chache bila kula chochote, anatafuta mahali, anajigandisha kwa kichwa, halafu mkia unanywea na notokodi inayeyushwa humo humo ndani. Anabaki na koo lake lenye matundu anachuja maji maisha yake yote.

Jana jioni nikamwomba jirani yangu mvuvi aniletee kipande cha kamba chakavu. Kaleta kwenye ndoo ya maji ya bahari, kaiweka hapa pembeni ya mkeka. Vifuko vipo 6. Ukituliza macho unaona kila kimoja kina midomo 2, mmoja unaingiza maji mwingine unatoa, nilidondosha chembe ya udongo juu ya ule wa kuingiza, ukafumba taratibu, ukakaa hivyo kama dakika nzima, kisha ukafunguka tena.